Chora Namba Zionekane: mwongozo kamili wa grafu na infografiki kwa walimu wa Tanga

Soma namba hizi: 12.3, 17.5, 23.1, 34.4, 44.9, 61.7. Ni idadi ya watu wa Tanzania, kwa mamilioni, katika sensa za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Mwanafunzi anaweza kuzikariri usiku mmoja na kuzimwaga zote kwenye karatasi ya mtihani bila kung'amua zinasema nini. Ukimchorea sawasawa, ataona kabla hujafungua mdomo. Ukimchorea vibaya, ataona jambo ambalo halipo, na ataliamini kwa sababu limechorwa na mwalimu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Tanga, awe Chumbageni, Pongwe, Muheza au Pangani, mwenye manila, maka peni na simu yenye bando la kubahatisha. Programu za kompyuta nimeziweka karibu na mwisho kwa makusudi. Zinachora namba za kweli na namba za ovyo kwa wepesi uleule, kwa hiyo kazi yenyewe hufanyika kabla hujazifungua.

Hatua ya 1: Andika swali moja

Kabla ya kushika rula, andika kwenye kipande cha karatasi swali ambalo mchoro utalijibu. "Takwimu za shule yetu" si swali. "Ni siku gani ya wiki wanafunzi wa darasa la tano hukosekana zaidi?" ni swali, na ukishaliandika hivyo tayari unajua utahitaji nguzo tano, Jumatatu hadi Ijumaa, basi. Mabango mengi ya takwimu yanayojaa ofisi za walimu yana rangi nane, michoro sita na hakuna swali hata moja. Yamechorwa ili mthibiti ubora akija aone kuna bango.

Chini ya swali, andika nani atasoma. Mtoto wa dawati la nyuma, mzazi anayesimama mlangoni kikaoni na mwalimu mkuu mezani kwake hawawezi kuhudumiwa na karatasi moja.

Wakati mwingine utagundua kwamba mchoro hauhitajiki. Sensa ya 2022 ilihesabu wanawake milioni 31.7 na wanaume milioni 30.1, yaani asilimia 51 kwa 49. Ukiweka hiyo kwenye duara, vipande viwili vitaonekana sawa na mtazamaji ataondoka na jibu lisilo sahihi. Andika "51" kwa tarakimu kubwa, chini yake "kati ya kila watu 100 ni wanawake", na umemaliza.

Hatua ya 2: Hakiki namba

Vyanzo vya kuaminika havina uhaba. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina sensa na taarifa za mikoa, Baraza la Mitihani lina matokeo ya kila shule, Mamlaka ya Hali ya Hewa ina mvua na joto. Na kuna chanzo ambacho walimu hukidharau ingawa ndicho kitamu kuliko vyote: daftari la mahudhurio. Lipo kabatini, linajazwa kila asubuhi, na karibu halisomwi tena.

Tengeneza jedwali dogo lenye safu nne: mwaka au siku, idadi, kipimo, chanzo. Jumlisha ulinganishe na jumla iliyochapishwa. Halafu jiulize kama unalinganisha vitu vinavyolingana. Tuseme mkondo A una wanafunzi 45 na waliokosekana ni 9, mkondo B una 80 na waliokosekana ni 12. Kwa idadi, B ndiyo yenye tatizo. Kwa asilimia, A imepoteza 20 na B 15. Makundi yakitofautiana ukubwa, tumia asilimia. Lakini usiandike "asilimia 50" kumbe unazungumzia wanafunzi wawili kati ya wanne. Hapo sema wawili kati ya wanne.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio yaliyopima jicho la mtu linakosea kiasi gani linaposoma michoro. Jicho hulinganisha vizuri sana vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, hulinganisha vizuri urefu, huanza kuyumba kwenye pembe, na huyumba zaidi kwenye eneo. Ukikumbuka mpangilio huo huhitaji kukariri orodha ndefu ya aina za grafu.

Nguzo ndizo ng'ombe wa kulimia. Zote zinaanza mstari mmoja wa chini, jicho linalinganisha vichwa vyake tu. Tumia nguzo kulinganisha madarasa, kata, masomo. Kama majina ni marefu (Mabokweni, Ngamiani Kaskazini), zilaze nguzo ili majina yasomeke bila kupinda shingo.

Mstari ni wa kitu kinachobadilika bila kukatika, ambacho kati ya kipimo na kipimo kilikuwepo na kilikuwa na thamani: joto, kimo cha mtoto, kina cha maji. Kuunganisha kwa mstari alama za Hisabati, Kiswahili na Jiografia ni kosa ninaloliona kila mahali. Kati ya Kiswahili na Jiografia hakuna somo lililopitiwa njiani.

Duara naitumia kwa nadra. William Playfair, Mskoti aliyechapisha grafu za mistari na za nguzo mwaka 1786, ndiye aliyeleta pia duara mwaka 1801, na tangu hapo watu wameipenda kupita stahili yake. Vipande viwili au vitatu vyenye tofauti kubwa, sawa. Vipande saba vya rangi saba, hapana.

Ramani ijibu swali la "wapi". Mfano wa kufundishia ni wa John Snow, daktari wa London, aliyeweka alama kwa kila kifo cha kipindupindu cha mwaka 1854 kwenye ramani ya mtaa. Alama zikajazana karibu na pampu moja ya maji, ya Broad Street, ambayo mpini wake ulikuwa umeshaondolewa kwa ushauri wake. Somo la kipindupindu linafundishwa shuleni kwetu kila mwaka, na hiyo ramani inaingia humo bila kulazimishwa. Shule ya Pangani inayopokea wanafunzi wanaovuka kivuko kutoka Bweni inaweza kufanya vivyo hivyo kwa uchelewaji: nukta moja kwa kila kijiji, ukubwa uleule, idadi pembeni.

Hatua ya 4: Pima, halafu chora

Turudi kwenye sensa, maana hapa ndipo penye utamu.

Weka manila kwa upana. Chora mstari wa chini wenye urefu wa sentimita 55, sentimita moja kwa kila mwaka kutoka 1967 hadi 2022. Sensa zitaangukia kwenye sentimita 0, 11, 21, 35, 45 na 55. Mstari wa wima uwe sentimita moja kwa kila watu milioni 2, ukianza na sifuri. Vimo vya nukta vitakuwa sentimita 6.2, 8.8, 11.6, 17.2, 22.5 na 30.9. Unganisha nukta kwa rula.

Umeona nafasi hazilingani? Kati ya sensa ya 1988 na ya 2002 ilipita miaka 14, si 10. Sasa chukua manila ya pili uchore namba zilezile kama wachoraji wengi wanavyofanya, nukta sita kwa nafasi sawa. Kwenye mchoro huo wa pili, kupanda kwa 1988 hadi 2002 (milioni 11.3) kunazidi kupanda kwa 2002 hadi 2012 (milioni 10.5). Mwanafunzi atakuambia kwa uhakika kwamba baada ya 2002 kasi ya ongezeko ilipungua. Gawanya kwa miaka uone: kipindi cha kwanza ni wastani wa watu 810,000 kwa mwaka, cha pili ni 1,050,000. Kasi ilipanda. Kisha 2012 hadi 2022 ikaruka hadi 1,680,000 kwa mwaka, na mstari kwenye manila ya kwanza unasimama kama mnazi.

Bandika manila zote mbili kwa pamoja uliza darasa ni ipi ya kweli. Kipindi kizima kitaishia hapo, na hutakuwa umepoteza kipindi.

Hatua ya 5: Epuka mitego minne

Mtego wa kwanza umeshauona: miaka isiyolingana iliyopangwa kama inalingana.

Wa pili ni mstari wa wima usioanza na sifuri. Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu milioni 2.05 mwaka 2012 na milioni 2.62 mwaka 2022. Ni ongezeko la asilimia 28 hivi. Lakini mchoraji akianzisha nguzo zake kwenye milioni 2 "ili kuokoa nafasi", nguzo ya kwanza itakuwa kisiki cha 0.05 na ya pili mnara wa 0.62, zaidi ya mara kumi na mbili. Nguzo lazima zianze na sifuri kwa sababu urefu wake ndio ujumbe. Grafu ya mstari ina uhuru zaidi. Grafu ya joto la mgonjwa ikianza na sifuri haitaonyesha homa.

Wa tatu ni picha inayonenepa. Watu wa Tanzania wameongezeka mara tano kati ya 1967 na 2022, basi mtu anachora mwanasesere mdogo na mwanasesere mwenye kimo mara tano. Ila picha ikikua kwenda juu hukua na kwenda pembeni, kwa hiyo huyo wa pili amejaza eneo mara ishirini na tano. Otto Neurath na wenzake kule Vienna, miaka ya 1920, walitatua hili kwa njia ambayo hata darasa la tatu linaiweza: picha zote ukubwa mmoja, na wingi uonyeshwe kwa kurudia picha. Chora mtu mmoja kwa kila milioni 5. Mwaka 1967 watakuwa wawili na nusu hivi, 2022 watakuwa kumi na wawili na kipande. Kata kiolezo cha boksi, wanafunzi wapitishe kalamu.

Wa nne ni wetu wenyewe, na sijui kwa nini hausemwi. Katika matokeo ya kidato cha nne, pointi chache ndizo bora: divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, na sifuri ni 34 na 35. Shule ikichora wastani wa pointi kwa kila mwaka kwa nguzo, mwaka waliofeli vibaya ndio utakaokuwa na nguzo ndefu kuliko zote, na mzazi asiyejua hesabu hiyo atapiga makofi. Achana na wastani. Chora nguzo tano kwa mpangilio, I, II, III, IV, 0, kila moja ikiwa idadi ya wanafunzi. Ukitaka kulinganisha miaka miwili, weka nguzo mbili mbili, ya mwaka jana kijivu na ya mwaka huu yenye rangi.

Hatua ya 6: Maneno, rangi na mpangilio

Grafu moja ikisindikizwa na kichwa, maelezo mafupi na labda namba moja kubwa, tayari ni infografiki. Usiogope jina.

Kichwa kiseme jambo, si mada. Badala ya "Idadi ya watu Tanzania 1967–2022" andika "Miaka kumi ya mwisho imeongeza watu milioni 16.8". Maelezo yasizidi sentensi mbili. Kila nguzo iandikwe namba yake juu, na jina lake papo hapo. Ufunguo wa rangi pembeni unamlazimisha msomaji kurukaruka kama kuku. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: chanzo na mwaka.

Rangi moja ya kung'aa inatosha, kwa nguzo inayobeba jibu la swali lako. Nyingine zote ziwe kijivu au bluu hafifu. Nyekundu na kijani zisikae pamoja kama ndizo pekee zinazotofautisha, kwani wapo wanafunzi, wavulana zaidi, ambao macho yao hayazitofautishi. Pia kumbuka stesheneri: ukienda kutoa kopi, rangi zote zitageuka weusi wa aina moja. Jaza nguzo moja kwa mistari ya mshazari na nyingine kwa nukta, kopi itapona.

Mchoro wenye hatua, kama mzunguko wa maji au safari ya mkonge kutoka shambani hadi kamba, uwekee namba 1, 2, 3 zinazoonekana. Watoto wetu wengi hutoka madrasa walikosoma kulia kwenda kushoto na kuingia darasani kusoma kushoto kwenda kulia. Namba zinaondoa ubishi wa pa kuanzia.

Ukubwa wa herufi usiuulize kitabu. Bandika, nenda ukakae dawati la nyuma, soma.

Hatua ya 7: Simu na kompyuta

Google Sheets, Excel na LibreOffice Calc zote zinachora grafu za kutosha kwa shule, na Canva ni nzuri kwa kupanga infografiki nzima. Angalia mambo machache tu. Programu hupenda kupanga miaka kama majina, kwa nafasi sawa, yaani mtego wetu wa kwanza. Kwa sensa chagua grafu ya nukta zilizounganishwa, ile inayosoma mwaka kama namba. Angalia pia mstari wa wima umeanzia wapi. Zima vivuli, zima nguzo za pande tatu.

Ukituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, chora kwa wima kwa sababu simu inashikwa wima, na uitume kama faili, si kama picha, la sivyo herufi ndogo zitavurugika njiani.

Hatua ya 8: Waachie wanafunzi wachore

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote kwa mji huu. Bahari ya Tanga hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika hamsini hivi, na siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kwa hiyo mchana mmoja, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, unatosha kuona karibu mzunguko mzima.

Tafuta gati au ukuta wenye maji hata wakati wa kupwa, kwa ruhusa ya wenye eneo na mtu mzima akisimamia muda wote. Funga jiwe kwenye kamba yenye mafundo kila sentimita 50. Kila saa, kundi moja linashusha kamba mpaka jiwe liguse maji na kuandika urefu wa kamba. Hapa kuna fumbo: maji yakijaa, kamba inafupika. Wakichora namba jinsi zilivyo, grafu itapinduka. Usiwaambie. Waache wachore, mtoto wa mvuvi atacheka, kisha waeleze wenyewe namna ya kutoa kila kipimo kwenye urefu wa ukuta.

Fumbo la pili ni saa. Daftari lao litaandika saa moja, saa mbili. Majedwali ya maji na simu zitaandika 07:00, 08:00. Waandike zote mbili chini ya mhimili, safu juu ya safu, kabla mtu hajalinganisha. Rudieni wiki moja baadaye, ili zoezi moja liangukie karibu na mwezi mpevu au mwandamo na jingine kwenye maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mkiweka mistari miwili kwenye grafu moja. Fundi wa mitego ya samaki aliyepita nje ya darasa anaweza kuisoma grafu hiyo kuliko mwalimu.

Hatua ya 9: Jaribu, kisha onyesha

Mtafute mtu asiyefundisha Hisabati: mpishi wa shule, mwalimu wa Kiswahili. Mwonyeshe mchoro kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, ufunike, uulize "umeona nini?" Jibu lake likilingana na swali uliloandika katika hatua ya 1, bandika. Lisipolingana, usimweleze. Rekebisha mchoro.

Kabla ya kubandika, angalia majina. Orodha ya wanafunzi na nafasi zao, wa kwanza hadi wa mwisho, imezoeleka ukutani, nami naona ni desturi ya kuachwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria, mtoto wa nafasi ya mwisho anapita mbele ya karatasi ile kila siku. Mgawanyo wa alama kwa makundi unatosha. Na kundi likiwa dogo sana, mathalani wasichana wawili walioacha shule, nguzo isiyo na jina bado inawataja. Liunganishe na kundi jingine.

Kikaoni usianze kwa kufunua bango. Lifunike kwa khanga, soma swali kwa sauti, waache wazazi wakisie: Jumatatu? Ijumaa? Wakishabishana, funua, kisha eleza nguzo moja tu kwa kidole: "Hii ni Ijumaa. Ikirefuka, watoto wengi zaidi hawakuja." Nyingine watazisoma wenyewe, hata wasiozoea grafu, na mjadala wa sababu utaanza bila kuwachokoza.

Kwenye kona ya chini, andika pia tarehe ya kulibandua.